Upande Mmoja Haujasukwa

Lorine Nakhungu alikuwa na mkono mwepesi wa kusuka, na hilo halikuwa siri Kondele. Wanawake walizipita saluni zenye vioo na feni ili wafike kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya steji ya boda boda, wakae kwenye kiti chake cha plastiki na kumkabidhi vichwa vyao. Mistari yake ilinyooka kama mifereji ya mashamba ya mpunga kule Ahero, na hakumvuta mtu ngozi hata machozi yakamlenga.

Jirani yake alikuwa Mwihaki, mjane kutoka Nyeri aliyeuza mapazia ya mitumba. Sokoni wengi walimwita Mama Sam, kwa jina la mwanawe. Mchana hao wawili walikula sahani moja, na mmoja akiitwa chemba, mwenzake alimlindia biashara. Watu waliokuwa wageni Kondele waliwadhania ndugu, mpaka wamsikie mmoja akipiga simu nyumbani kwa Kibukusu na mwingine kwa Kikikuyu.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Kwanza ulimnyang'anya Lorine usingizi. Kisha akaanza kusikia mashine ya kukaushia nywele ikimwita kwa jina, akaizima, nayo ikaendelea kuita. Kila Mwihaki alipofagia mbele ya vibanda vyao, Lorine alimwona akiziokota nywele zilizoanguka na kuzifunga kwenye kitambaa. Akasadiki kwamba rafiki yake alikuwa akizichoma ili amfunge asiolewe, asizae, asifanikiwe. Akaanza kuziokota nywele za wateja yeye mwenyewe na kuzificha ndani ya mto. Akaacha kula ile sahani ya pamoja. Watu waliona kwamba amebadilika, wakasema ana majivuno siku hizi. Hakuna aliyemwuliza.

Msusi huwa na maji moto. Rasta zikishaisha, ncha zake huchovywa humo ili zisifumuke. Mchana mmoja Mwihaki alikuwa ameinama akifungua marobota yake ya mapazia, na Lorine akatoka na sufuria, akammwagia shingoni na begani.

Mwihaki alilazwa kwa muda mrefu, na ngozi ya bega lake haikurudi kuwa kama ya zamani. Lorine alifikishwa mahakamani akiwa bado anaongea na watu wasioonekana. Hakimu, baada ya kuwasikiliza madaktari, alisema kwamba kitendo alikitenda, ila siku ile akili haikuwa yake. Akaamuru awekwe hospitalini, si gerezani, mpaka itakapobainika kwamba anaweza kuishi tena na watu.

Hospitali hiyo ilikuwa ukingoni mwa ziwa, na ndani yake palikuwa na wodi yenye ukuta wake peke yake, ya wagonjwa walioletwa na mahakama. Nyuma ya ukuta ule wanawake walisikia injini za mashua na kelele za ndege wa ziwani, lakini maji hawakuyaona. Dawa zilipoanza kufanya kazi, sauti ziliondoka moja moja kichwani mwa Lorine, kama waombolezaji wanavyoaga matanga yakiisha. Zilipokwisha kuondoka zote, alibaki yeye na alichokifanya. Alikaa akiuelekea ukuta, hataki kumtazama mtu, maana kila shingo aliyoiona ilimkumbusha shingo moja.

Katika wodi ile alikuwamo mama mmoja mzee, Nabututu, ambaye ndugu zake walikuwa wameacha kumtembelea zamani. Hakusema na mtu. Nywele zake zilikuwa zimeshikana zikawa kama gunia lililonyeshewa, na kila muuguzi aliyezikaribia alipigwa kofi. Lorine alimtazama kwa wiki kadhaa. Mwishowe mikono yake ndiyo iliyoshindwa kuvumilia. Alimwendea Sista Valerie, muuguzi mkuu wa zamu, akaomba kichana na mafuta.

Sista Valerie alifikiri kidogo. Kichana kilikuwa na mkia wenye ncha kali, akakivunja mkia, akakileta pamoja na kiti chake mwenyewe, akaketi pembeni kuangalia. Lorine alichuchumaa mbele ya yule mzee, akamwambia kwa Kibukusu kwamba anaomba ruhusa ya fundo moja tu, lile lililo juu ya sikio. Nabututu hakumpiga. Fundo moja likawa kazi ya siku ile. Kesho yake likafuata la pili. Siku fundo la mwisho lilipofunguka, Nabututu alipapasa kichwa chake chote kwa viganja, taratibu, akasema, "Mama alikuwa akinichana hivi." Wauguzi wengine walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

Baada ya hapo kiti cha Lorine pale wodini hakikukaa bure. Wanawake walioogopana walianza kukaa foleni moja wakingoja zamu, na foleni haikosi maongezi. Walianza kuulizana watoto, wakasaidiana kushika nywele, mmoja akawa anaimba na wengine wanaitikia. Mtu akishikwa kichwa kwa upole ulimi wake hufunguka; Lorine alilijua hilo tangu Kondele. Jambo geni lilikuwa kwamba naye alianza kusema. Alimsimulia Nabututu habari yote ya yale maji, tangu mwanzo mpaka mwisho, huku akimsuka.

Kila wiki daktari aliwakalisha pamoja wakazungumza. Siku moja aliwauliza swali jepesi: ukianza kuugua tena, nani atakuwa wa kwanza kuliona, na je, atakwambia? Wengine walitaja mama, wengine mume. Lorine alikosa jina la kutaja. Swali hilo lilimkaa moyoni kuliko mahubiri yote aliyowahi kuyasikia.

Ilipofika wakati wa kufikiria kumruhusu aende nyumbani, afisa wa ustawi wa jamii alizunguka kuulizia. Kaka yake Lorine, Waswa, mwashi aliyejenga nyumba ndogo Otonglo, alisema chumba cha nyuma kipo, dada yake ni dada yake. Afisa akaenda pia kwa Mwihaki, akamwuliza anaonaje Lorine akirudi, akamweleza kwamba halazimishwi kusema lolote. Mwihaki akajibu kwamba jibu lake atalipeleka mwenyewe.

Alikuja amevaa blauzi isiyo na kola. Lorine alielewa kwamba haikuwa bahati mbaya. Kovu lilianzia chini ya sikio, likapita begani na kupotelea ndani ya nguo. Waliketi kwenye benchi, Sista Valerie akiwa hatua chache mbali nao.

"Sijakuja kukusamehe," Mwihaki alisema. "Hilo ni langu na Mungu, na bado tunaongea. Nimekuja nione kama macho yako yamerudi."

Lorine aliyainua macho yake akamwacha ayatazame.

"Wanasema ni ugonjwa," Mwihaki akaendelea.

"Ni ugonjwa, Mama Sam. Lakini sufuria niliibeba kwa mikono hii. Siwezi kukwambia ni mtu mwingine."

Mwihaki aliitazama mikono ile. Alieleza baadaye kwamba angesikia visingizio angeinuka na kwenda zake, na jibu lake lingekuwa hapana. Badala yake aliuliza dawa wanazompa ni zipi, anazimeza au anachomwa sindano, na akiziacha inakuwaje. Lorine akamjibu yote bila kuficha.

"Basi rudi ufanye kazi," Mwihaki alisema akisimama. "Mtu hawezi kukaa bure akioza. Lakini kichwa changu hutakishika tena."

"Hiyo ni haki yako."

"Najua ni haki yangu. Nilitaka tu uisikie."

Lorine akarudi. Alikaa Otonglo kwanza, akichota maji, akipika, akienda kanisani na familia ya Waswa. Mke wa kaka yake aliviweka visu juu ya kabati kwa majuma ya mwanzo, na Lorine hakulalamika, ila aliviomba kila alipotaka kukata sukuma wiki na kuvirudisha mkononi mwa mwenyewe. Siku moja akavikuta vimerudi kwenye ndoo ya vyombo.

Alipotaka kurudi Kondele, wanawake wa vile vibanda waliitisha mkutano. Waswa alimshauri asiende. Atasema yeye kwa niaba yake, au wangoje mpaka watu wasahau. Lorine alikataa. Alivaa gauni lake la kanisani, akaenda kwa miguu yake, akasimama mbele ya watu ambao baadhi yao ndio waliommwagia Mwihaki maji baridi siku ile na kumbeba mpaka kwenye tuktuk.

Maneno yalikuwa mengi. Kuna aliyesema kichaa hakiponi, hulala tu. Kuna aliyesema yeye ana watoto wadogo wanaocheza pale. Mwenyekiti akajaribu kuyapooza, lakini Lorine akaomba nafasi ya kusema.

Aliwaambia kwamba wana haki ya kuogopa na kwamba yeye pia huogopa. Ugonjwa wake una jina na una dawa, naye huchomwa sindano kila mwezi. Kisha akawapa kitu ambacho hawakukitarajia. Aliwaeleza jinsi ugonjwa unavyoanza, dalili moja baada ya nyingine: hatalala, ataacha kula na wenzake, ataanza kuokota nywele sakafuni na kuzificha.

"Mlikuwa mmeviona vyote hivi mara ya kwanza," alisema, "lakini hamkujua ni vya nini. Sasa mnajua. Mkiona kimoja, niambieni usoni. Msiniseme nikiwa sipo. Niambieni mimi, nitaenda hospitali."

"Na maji moto?" mwanamke mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Maji moto hayatakuwa ndani ya kibanda changu. Anayetaka ncha zake zichovywe, atachovya kwa mama wa chai pale steji, mwenyewe."

Watu wakageuka kumtazama Mwihaki. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi akikunja mapazia, kana kwamba mkutano ule haumhusu. Alisema bila kuinua kichwa, "Kibanda chake kiko kando ya changu. Kama mimi naweza kukaa pale, ni nani hapa asiyeweza?"

Mkutano ukaishia hapo. Lorine alitoka pale mgongo wake umenyooka. Hakutuma mtu kumwombea wala kumsemea, na jina la ugonjwa wake lilikuwa limetoka kinywani mwake mwenyewe.

Hata hivyo kuruhusiwa ni jambo moja, na kupewa kichwa ni jambo lingine. Mteja anayesukwa humpa msusi kisogo, hamwoni. Lorine alifungua kibanda kila asubuhi, akafagia, akaketi kwenye kiti cha wateja, akafunga jioni. Wanawake walimsalimia kwa adabu na kwenda kusukwa kwingine.

Aliyekivunja kimya hicho ni Achola, muuza vitunguu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuvuka barabara. Alikuja asubuhi moja amejishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasalimia kwa Kijaluo.

"Oyawore, Lorine. Hawa wenzako wataniua," alisema. "Tangu uende navutwa ngozi mpaka macho yananitoka. Nimechoka. Nisuke."

Aliketi, uso barabarani, kisogo kwa Lorine. Waendesha boda boda wakageuka. Mama wa chai akasimama na birika mkononi. Lorine alipozigusa nywele kwa mara ya kwanza alihisi mabega ya Achola yamekakamaa kama ubao, akajua kwamba ile sauti kubwa ilikuwa imeficha woga. Aligawa nywele polepole, na kabla ya kila mstari alimwambia anakoelekea: sasa naja upande wa sikio, sasa naja katikati. Mabega yakalegea kidogo kidogo. Kabla kichwa hakijafika nusu, Achola alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma mbele ya Kondele nzima.

Tangu siku ile kiti kilipata watu. Hawakuja wote; wapo ambao hawajaja mpaka leo. Lakini waliokuja walitosha. Mwihaki aliendelea kusukwa kwingine, na mchana alianza kuisogeza sahani yake karibu, kila mmoja akila yake, wakizungumzia bei ya unga na vituko vya Sam, ambaye sasa alikuwa akisomea ufundi wa umeme Eldoret.

Kisha mama yake Lorine akafa. Alikwenda kumzika kwao Bungoma, akakesha na waombolezaji, akapika, akalia, akapokea wageni, na siku ya sindano ikapita akiwa msibani. Aliporudi Kondele alikuwa mchovu, na kila mtu aliona uchovu ule ni wa msiba.

Achola alikuja kusukwa rasta kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Mvua ilikuwa ikinyesha, na matone yalipiga mabati kwa nguvu. Lorine alikuwa amemaliza upande wa kushoto alipolisikia jina lake humo ndani ya mvua. Akajiambia ni mvua. Akaendelea. Likaitwa tena. Akashusha macho, akaona ngumi yake ya kushoto imefumbwa, na ndani ya ngumi kulikuwa na nywele za Achola alizoziokota bila kujijua.

Alikiweka kichana chini.

"Mama, naacha hapa," alisema.

Achola akagusa kichwa chake. "Unaachaje? Bado upande mmoja."

"Nimeanza kuugua."

Achola aligeuka mzimamzima. Alimtazama, akauona mkono uliofumbwa. Aliinuka, akarudi nyuma hatua moja. Lorine aliiona ile hatua na hakumlaumu. Aliufungua mkono, zile nywele zikaanguka sakafuni, naye akatoka na kuingia mvuani mpaka mlango wa pili.

Mwihaki alikuwa akiyafunika mapazia kwa karatasi za nailoni. Lorine alisimama mbali kidogo naye, mikono ikiwa wazi mbele ya mwili wake ili ionekane.

"Mama Sam, sijalala tangu matanga. Nasikia jina langu. Nipeleke kliniki."

Mkono wa Mwihaki ulipanda wenyewe mpaka shingoni, ukabaki hapo juu ya kovu. Mvua iliendelea kuwapiga. Kisha aliushusha mkono, akavuta mlango wa kibanda chake na kuufunga kwa kufuli, ingawa ilikuwa siku ya soko na wateja wapo.

"Leo umewahi," alisema.

Achola naye alishatoka, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima, akasimamisha tuktuk kwa sauti yake ile. Lorine akakaa katikati yao mpaka wakafika kwenye hospitali ile ya ziwani.

Safari hii hakuna hakimu aliyehitajika. Lorine alilazwa kwenye wodi ya kawaida, ile isiyo na ukuta wake, akadungwa sindano, akalala usingizi ambao ulikuwa umemkimbia. Sista Valerie aliposikia alikuja kumtazama wakati wa mapumziko. Alimwambia ana wagonjwa wengi waliopona wakakaa vizuri, lakini waliowahi kujileta wenyewe, wakiwa katikati ya kazi, anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Halafu akacheka, akamwonyesha nywele zake zilivyoharibika tangu Lorine aondoke wodini.

Habari zilizomfurahisha Lorine zaidi zililetwa na Mwihaki. Alikuja na chupa ya uji, akaketi kando ya kitanda, akaanza kusimulia huku akijizuia kucheka. Achola hakuwa amesukwa upande wa pili. Saluni zote za Kondele zilikuwa zimemwonea huruma. Moja ilijitolea kummalizia bure. Alikataa. Anauza vitunguu vyake vile vile, upande mmoja rasta zimeshuka mpaka begani, upande mwingine ni msitu. Kwenye harusi ya mpwa wake alikwenda hivyo hivyo, akaketi meza ya mbele pamoja na wazee.

"Watu hawakumwuliza?" Lorine akasema.

"Wasimwulize? Kila mtu alimwuliza. Anawajibu, 'Fundi wangu ni mgonjwa, yuko hospitali. Akitoka atamaliza.' Basi. Kama mtu anasema gari lake liko gereji."

Lorine alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka kutazama. Mwihaki naye akacheka, mkono mdomoni. Kilichomjaa Lorine kifuani baada ya kicheko hakikuwa furaha tu. Ilikuwa fahari, na aliitambua, maana aliwahi kuwa nayo zamani, siku zile wanawake walipozipita saluni za vioo kumfuata yeye.

Aliporuhusiwa kutoka, hakwenda Otonglo kupumzika kama Waswa alivyotaka. Alipanda mpaka Kondele. Waendesha boda boda walimsalimia kwa jina, na mama wa chai akampa kikombe kabla hajaagiza. Achola alikuwa ameshaliona gauni lake tangu mbali. Aliviacha vitunguu vyake kwa jirani, akaja akavuta kiti mwenyewe, akaketi na kumpa kisogo.

Lorine aliukagua upande uliosukwa. Nywele zilikuwa zimeota chini ya rasta, na mistari ilikuwa imelegea.

"Mama, huu wa kushoto umeshazeeka. Nikisuka wa kulia sasa, hazitalingana."

"Kwa hivyo?"

"Itabidi nifumue yote nianze upya. Tutakaa mpaka jioni."

"Nani amekwambia nina haraka?" Achola alisema, akayafumba macho.

Lorine akachukua kichana. Wanawake wawili walikuwa tayari wamekuja kukaa kwenye benchi, wakingoja zamu zao, na mmoja wao akaanza kuifumua rasta ya pembeni ya Achola ili kazi iende upesi.